Darasa Spesheli

Siku ya mlango tulikuwepo hawa. Nawataja kwa majina kwa sababu wengine wamekwisha kufa na wengine wamehamia mbali: mimi mwenyewe, binti yangu Esta na mumewe Mbeleci, mtu wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, ambao ndio walionitoa Kigoma kunileta Toronto niwalelee mtoto, mtoto mwenyewe, Riziki, mjukuu wangu wa kwanza, mwaka wake wa nane, Baba Wilondja wa ghorofa ya saba, aliyekuwa akiitana ndugu na Mbeleci kwa kuwa walitoka upande mmoja, binti yake Nyota, aliyekuwa akikaa dawati moja na Riziki, Mama Byaombe, mjane, jirani yangu wa mlango kwa mlango, Wanjiru, msichana wa Kikenya aliyetutafsiria, na Mwalimu Zabuloni Alimasi, ambaye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale. Watoto wengine nitawataja wakifika.

Wiki iliyopita kitukuu changu aliingia na glavu zake za sufu zimelowa theluji, akazitandaza juu ya hita. Harufu ilipopanda, ile ya sufu mbichi na jasho la mtoto na chuma kilichopata moto, niliweka kikombe chini nikaziba pua kwa khanga. Mama yake, ambaye ndiye huyo Riziki, akaniuliza kwa Kiingereza kama ninaumwa. Nikamwambia hapana, ni harufu tu. Hakuielewa. Yeye alikuwa mtoto, na mtoto hukumbuka kwa njia yake.

Nyinyi wenzangu wa kikundi chetu cha akina bibi, wa hapa na wa kule nyumbani, mmeandika utoto wenu, nimesomewa, nimecheka na nimelia. Utoto wangu mimi uliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu, na kilichobaki ni jembe na mtoto mgongoni. Kusoma nilikuja kukuokoteza ukubwani, kanisani, herufi moja moja kama mtu anayechagua mchele. Utoto ninaoujua kwa karibu, niliolala nao kitanda kimoja nikausikia ukisaga meno, ni wa Riziki. Basi nitaandika huo, mnivumilie.

Tulikuwa tumemaliza baridi moja, ya pili imeingia, katika mtaa wa Flemingdon Park, kwenye lile jengo refu linalotazama bonde. Ilikuwa miaka ya tisini, wakati ule Uvira inawaka moto kwa vita na watu wetu wanavuka ziwa. Esta alikuwa akiosha wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee, Mbeleci alikuwa kiwandani, mimi nyumbani. Siku moja Riziki akarudi na barua mkononi, mashavu yamekauka kwa baridi.

"Bibi, weka saini hapa. Mkubwa yeyote anaweza."

"Imesema nini?"

Akaitazama kama anayetazama kitu kitamu. "Nimewekwa spesheli."

Sasa nyinyi mnajua kwetu spesheli ni nini. Chai spesheli ni ile ya maziwa matupu. Gari likiwa spesheli halisimami njiani kuokota watu. Na mtoto akichaguliwa kwenda shule ya vipaji maalumu, ukoo mzima hupiga vigelegele, hata walioko mbali wanaandikiwa. Nikamuuliza, "Nani mwingine amechaguliwa?"

"Nyota. Na Zawadi wote wawili. Waafrika wengi."

"Na Wazungu?"

Akafikiri. "Hakuna hata mmoja."

Nikainua mikono juu nikamshukuru Mungu. Nilisema kwa sauti, na Riziki alinisikia: wanetu wamewashinda. Kisha nikachukua kalamu nikaandika jina langu penye mstari, herufi zimepinda kama ng'ombe wanaoshuka mlima, lakini ni zangu.

Nilipika pilau siku hiyo. Mama Byaombe, ambaye Furaha wake alichaguliwa pia, alikaanga samaki, tukabadilishana sahani mlangoni. Lakini aliyetushinda wote ni Baba Wilondja. Alimvisha Nyota gauni jeupe la kipaimara, akamsimamisha mbele ya ubao wa matangazo wa chini karibu na lifti, akampiga picha kumi na mbili, akazituma Uvira kwa mama yake mzazi na maneno nyuma: *Mjukuu wako yuko kilasi spesiali.* Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye kicheko cha kutikisa vyombo. Siku ile alicheka mpaka jasho likamtoka.

Darasa lenyewe lilikuwa nje. Uani mwa shule, nyuma, walikuwa wameweka kibanda cha mbao na bati, wanakiita potabo, kina ngazi zake tatu na hita moja ukutani. Kutoka kule hadi jengo kubwa ni kukata uwanja wa barafu. Mtoto wa potabo haingii kwa mlango wa mbele. Akitaka choo anapiga mlango wa ubavuni, anangoja afunguliwe. Wengine walirudi nyumbani wamejikojolea, suruali imeganda ikawa kama ubao. Nilidhani ni ulegevu wa watoto, nikampiga Riziki kofi kwa hilo. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa.

Riziki alikipenda. "Ni nyumba yetu wenyewe, Bibi. Hakuna mwingine anayeruhusiwa." Na akanieleza jambo moja kwa fahari kubwa: watoto wa jengo kubwa wanawaonea wivu. Kila siku wakati wa mapumziko wanakuja kugonga. Wanagonga ukuta wote, pande zote, wanapiga kelele, wanataka kufunguliwa waingie spesheli.

"Na nyinyi mnafanyaje?"

"Tunakaa chini ya meza tunanyamaza, wasijue tupo."

Nilikuwa nikienda kumchukua kila siku. Siku moja nikawahi, nikaona kugonga kwenyewe. Wavulana wakubwa, kumi au kumi na wawili, walikuwa wakifinyanga madonge ya theluji, wanatia jiwe katikati, wanayarusha. Bati lililia kama ngoma. Ukuta ulikuwa na mashimo madogo mengi kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mwanamke wa zamu alikuwa amesimama karibu, kikombe cha kahawa mkononi, amegeuza uso. Nilijiambia nchi za watu zina michezo yake. Nikamngoja mtoto, nikamfunga skafu, tukaenda zetu. Njiani nilimuuliza kama alikula chakula chake.

Mwalimu Zabuloni alikuja kugonga mlango wetu wiki mbili baadaye. Alikuwa mwembamba, koti refu mno kwa mikono yake, na vidole vimechanjwachanjwa, kwa kuwa kazi yake hapa ilikuwa kukata kuku kiwandani. Kule Uvira alifundisha miaka ishirini na kitu. Watu wa Uvira walisema alikuwa akifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, ukuta katikati umebomoka, anasimama kwenye tundu na kugeuka huku na huku. Mke wake na watoto wake wawili waliuawa njiani kuelekea ziwani. Yeye mwenyewe hakulisema hilo hata siku moja. Tuliambiwa na wengine.

Shule ilikuwa imemwita siku hiyo atafsiri kidogo, akapitishwa potabo. Alikataa kuketi. Alisimama katikati ya sebule yetu, Mbeleci akiwa bado na nguo za kazi.

"Mama Esta, mjukuu wako ana umri gani?"

"Mwaka wa nane."

"Leo nimemkuta anapanga vifungo. Vyekundu na vyekundu, bluu na bluu. Isaka ana miaka kumi na moja, naye anapanga vifungo. Isaka huyu nilimfundisha mimi kugawanya kwa tarakimu tatu." Akatoa nakala ya barua na kamusi iliyochanika jalada. "Spesheli ya hapa si ya chai, Mama. Hapa ni darasa la mtoto ambaye akili yake wamesema haitoshi. Waliwapa mtihani kwa Kiingereza walipokuwa na miezi miwili nchini. Wakaja wakawachukua wote weusi wageni wakawatoa nje. Hiyo si potabo. Hiyo ni poteo."

Mbeleci akasimama. "Unasema binti yangu ni zezeta?"

"Nasema wao ndio wamesema. Na wewe umekubali. Kuna saini."

Mbeleci akanitazama mimi. Mimi nikaangalia zulia.

Mwalimu alipanda jengo letu ghorofa kwa ghorofa na maneno hayo hayo, nyumba zote za wale watoto kumi na saba. Mngedhani watu wangemshukuru. Hakuna aliyemshukuru. Pilau ilikuwa imeliwa, picha zilikuwa zimefika Uvira. Mtu akiambiwa mwanawe ni mfalme, kisha mwingine anakuja kumwambia huyo ni mjinga na wewe uliyetia saini ndiye mjinga wa kwanza, hamchukii yule wa kwanza. Anamchukia wa pili. Mama Byaombe alimfungia mlango usoni. Akina mama kanisani walianza kusema Mwalimu ana kijicho kwa sababu watoto wake walikufa.

Jumamosi mchana lifti iliharibika, nami nilikuwa nikipanda ngazi na unga wangu. Nilipofika karibu na ghorofa ya tano nikasikia sauti ya Baba Wilondja juu yangu.

"Weye unatembea ukisema batoto betu ni bajinga!"

"Sikusema hivyo, ndugu yangu. Soma karatasi."

"Nitasoma nini? Weye hata mutoto huna! Mutoto wako iko wapi?"

Kisha Mwalimu akasema, polepole, "Ninao kumi na saba."

Nikasikia ngumi kabla sijaiona. Ni sauti kama ya kuku mzima anapoangushwa juu ya meza. Nilipopinda kona, Baba Wilondja alikuwa amemshika Mwalimu kwa ukosi, anampiga kichwa kwenye reli ya chuma. Mara moja. Mara mbili. Wa pili pale, aliyemshika mikono kwa nyuma, alikuwa mkwe wangu Mbeleci. Mwalimu hakupiga kelele. Alikuwa akijaribu kusema kitu, taya limekwenda upande, damu na meno vinatoka pamoja. Mbeleci aliponiona akamwachia, na Mwalimu, kwa kuwa hakuna tena aliyemshika, akaanguka ngazi zote zile mpaka miguuni pangu. Unga ulipasuka. Ukawa mwekundu.

Wale wawili wakapanda juu. Niliwasikia wakipumua kama watu waliobeba gunia.

Polisi walikuja na gari la wagonjwa, wakaniuliza nimeona nini. Wanjiru akanitafsiria. Nikasema sikuona, nilisikia mtu ameanguka. Wakamuuliza Mwalimu kwenye machela, akatikisa kichwa. Hakuwataja. Hospitali walimfunga taya kwa waya, la juu na la chini pamoja, akawa ananywa uji na supu kwa mrija. Mtu aliyekuwa na maneno peke yake katika jengo zima, sasa hana kinywa. Nyumbani Mbeleci alikuwa akila bila kuinua uso, nami nampakulia bila kumtazama, na Esta anatutazama mmoja mmoja asijue kinachotuumiza.

Jumatano iliyofuata waligonga tena. Nilikuwa nimefika getini. Donge moja, lililokuwa barafu tupu na jiwe la saizi ya yai, lilipita dirishani. Nilisikia kioo, kisha watoto kumi na saba wote wakilia kwa pamoja. Nilikimbia juu ya ile barafu, mimi na magoti yangu. Mwanamke wa zamu alinizuia kwenye ngazi. Nikamsukuma akakaa chini. Ndani glavu zote zilikuwa kwenye hita zikitoa moshi wa maji, na ile harufu, na Riziki chini ya meza ameshika uso, damu inamtoka kati ya vidole mpaka kwenye vifungo. Kioo kilikuwa kimechana nyusi na kuingia kwenye jicho la kushoto. Nyota alikuwa akimpepea na daftari.

Nilimbeba. Akaniambia kwenye bega langu, hana hata machozi:

"Bibi, leo wamegonga kwa nguvu."

Nilipiga yowe uwanjani pale. Si kwa ajili ya damu, damu nimeiona nyingi. Ni kwamba mtoto bado alikuwa anaamini neno langu.

Jicho halikutoka, lakini mpaka leo kwa upande huo anaona kivuli tu. Wazazi waliitwa kikao kwenye ukumbi wa michezo wa shule, alasiri. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Alisema anasikitika kwa ajali. Alisema watoto waliorusha wamekanywa. Darasa litabaki palepale, kwa sababu ni kwa faida ya watoto. Kisha akapanga karatasi kumi na saba juu ya meza, moja moja, kama mtu anayegawa karata. Wanjiru akatafsiri huku ameinamisha kichwa: "Anasema hakuna aliyelazimishwa. Anasema kila mzazi alielezwa akakubali, saini ndizo hizi."

Mwalimu Zabuloni alikuwa amekaa mstari wa mbele, uso umevimba rangi ya zambarau. Aliandika kwenye daftari lake, akampa Wanjiru asome: *Nani aliwasomea?* Mwalimu mkuu akasema, "Basi wazazi wenyewe waseme kama hawakuelewa." Akatungoja.

Mtajua ile aibu. Ukisimama pale unasema mbele ya Wazungu na mbele ya watu wa kwenu kwamba ulisherehekea. Baba Wilondja alikuwa ameangalia viganja vyake. Mbeleci alikuwa ameangalia mlango. Mwalimu aligeuka nyuma akatutazama wote, nyuso kumi na saba na zaidi, na jicho lake likafika kwangu, na ninawaambia hakulikaza. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto anayejua jibu.

Nikasimama.

"Sema hivi hivi, Wanjiru, usinipambie. Mimi ndiye niliyeandika hiyo karatasi ya Riziki. Sikusoma. Nilidhani spesheli ni ya wenye akili. Nilipika pilau."

Wanjiru akatafsiri. Nyuma yangu mtu akacheka, ile ya pua. Nikangoja nizomewe. Badala yake Mama Byaombe akasema, sauti ndogo, "Mimi nilikaanga samaki." Akasema mwingine kwamba alinunua keki. Mwingine alimpigia simu kaka yake Nairobi. Ikawa kila pembe mtu anataja alichopika, na watu wanacheka na kulia pamoja, mpaka ikasikika sauti ya Baba Wilondja, kubwa kuliko zote, imepasuka katikati:

"Mie nilituma picha! Picha kumi na mbili! Mama yangu amezitundika ukutani!"

Akainuka, akachukua kiti cha chuma alichokalia, akakirusha. Sijui alimlenga nani. Kilipita juu ya meza kikavunja kioo cha saa ukutani. Watu wakaanguka chini, watu wakakimbia. Mwalimu mkuu akakusanya karatasi zake akasema kikao kimefungwa, na saini ni saini. Mwalimu Zabuloni hakutikisika kwenye kiti chake. Alikuwa akiandika. Alimpa kila mmoja anayetoka kijikaratasi kimoja, maneno manne: *Kesho. Mlango wa mbele.*

Basi siku ya mlango. Theluji ilikuwa mpya, mpaka goti. Mwalimu alikuwa mbele, koti lake refu, amefunga taya kwa skafu. Watoto wawili wawili nyuma yake, na sisi ubavuni. Mlangoni walikuwa walinzi wawili, mtunza jengo, na polisi wawili waliokuwa wamekwisha itwa. Mlinzi akanyoosha mkono. Wanjiru akasema kwa Kiingereza kwamba watoto hawa ni wa shule hii wamekuja kusoma. Mlinzi akasema darasa lao liko nyuma. Mwalimu akasogea hatua moja. Mlinzi akamshika kifuani akamsukuma, akarudi. Akamsukuma tena; akarudi tena. Mara ya tatu akamshika kwenye taya.

Hapo nilisikia sauti ya Mwalimu kwa mara ya kwanza tangu ngazini. Haikuwa neno, ilikuwa kama mlio wa bawaba.

Baba Wilondja alitoka nyuma ya kundi kama ng'ombe aliyekata kamba. Alimpiga yule mlinzi kichwa cha pua, mlinzi akaanguka chali. Polisi wakamrukia. Kirungu kikashuka begani, kikashuka mgongoni, kikashuka kwenye goti. Alikwenda chini na bado ameshikilia ukingo wa mlango, na mkono wake huo mmoja ndio uliozuia mlango usifungwe. Mbeleci akalala juu yake apigwe yeye. Mimi nilinyoosha mkono nimshike Mbeleci, kirungu kikanipata hapa, mfupa wa kiwiko mpaka leo hutabiri mvua. Esta alikuwa akiniita kwa kelele. Damu kwenye theluji hung'aa sana, nyinyi wa kule kwenye joto hamjui.

Na katikati ya hayo, Mwalimu akashika mlango akaufungua wote, akaanza kuwapitisha watoto chini ya mkono wake. Nilikuwa nimeanguka karibu na miguu yake nikawaona mmoja mmoja: Riziki na bandeji yake, Nyota aliyekuwa akiangalia nyuma anamwita baba, Asukulu na Eca mapacha, Furaha wa Mama Byaombe, Isaka wa kugawanya, Debora, Yona, Zawadi Mkubwa, Zawadi Mdogo, Amisa, Paskalina, Bahati, Feza, Hodan aliyekuwa Msomali lakini alijua Kiswahili kuliko Riziki, Esperansi, na Nestori aliyekuwa akilia mkojo unamshuka. Wakaingia kwenye ule ukumbi wenye sakafu inayong'aa. Wakasimama. Hawakujua waende wapi.

Mwalimu mkuu alikuwa kule ndani, mkono mdomoni. Aliwatazama watoto, akatazama nje tulivyolala. Akawaambia polisi kitu, wakashusha virungu. Siku ile ile watoto walipewa viti nyuma ya madarasa ya jengo kubwa. Baada ya wiki kadhaa walikuja watu wa juu na mtihani mpya, Wanjiru akawasomea watoto kwa Kiswahili. Kumi na wanne wakabaki ndani. Watatu, Bahati, Esperansi na Nestori, walirudishwa potabo, na Mwalimu aliendelea kuwapigania hao watatu miaka miwili, mpaka na wao wakaingia. Baba Wilondja alifungwa miezi minne. Mwalimu alimpelekea chakula kila Jumapili. Walikuwa wakikaa wanatazamana kupitia kioo cha jela, mmoja taya bovu, mwingine goti bovu. Yeye mwenyewe Mwalimu hakufundisha tena. Alikata kuku mpaka mapafu yakachoka, na tukamzika wakati wa baridi.

Pale kwenye mazishi ndipo lilipoanza neno ambalo limenifanya niandike. Mchungaji alisema kwamba siku ya mlango, taya likiwa limefungwa waya, Mwalimu alimwambia mwalimu mkuu neno moja tu: "Watu!" Yaani hawa ni watu. Tangu hapo kila mwaka wanaposimulia habari zake ndivyo wanavyosema, na vijana wanapiga makofi, na neno lenyewe wamelichapa kwenye fulana.

Ni neno zuri. Lakini mimi nilikuwa chini ya miguu yake, sikio langu liko hapa na mdomo wake uko hapo. Watoto walikuwa wamesimama kwenye sakafu ya watu inayong'aa, theluji inawayeyukia, hawasogei. Mwalimu akageuka akawatazama kama alivyowatazama miaka ishirini kule tunduni. Akasema kwa meno yaliyofungwa, na hakumwambia mwalimu mkuu, aliwaambia wao. Mimi nilisikia, "Viatu." Nao wote kumi na saba wakainama wakaanza kuvua.

Labda nimesikia vibaya. Nilikuwa nimepigwa, na uzee huu nao unachanganya mambo. Kama nawe ulikuwepo, au mwanao alikuwepo akakusimulia, nakuomba unisahihishe.